Risasi Nene Katika Bunduki ya Treva

Verlin Stubbs alikuwa ameazimia kutojaza bunduki yake saa ya kwanza ya msimu wa kuwinda. Alipanda kichanja chake cha kuvizia kulungu juu ya mwaloni kukiwa bado giza, akaitundika bunduki tupu kwenye tawi, akakaa, akafungua kifurushi cha mkate na soseji. Kulungu wa kwanza mwaka huu alitaka awe wa binti yake. Treva alikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, kwenye kichanja cha zamani cha familia. Hata madume kumi yangepita chini ya viatu vya Verlin, asingeyagusa, mradi mlio wa kwanza utoke upande ule.

Miaka miwili walikuwa hawajasemezana. Siku waliyomzika mama yake Treva, watu wakiwa wamejaa ukumbi wa kanisa na sahani zao mikononi, Verlin alimwambia bintiye kwa sauti ya kusikika: "Ungekuwa mtu wa kumwomba Mungu, mama yako angekuwa hai." Treva ni muuguzi. Alikuwa amekesha na mama yake wiki tatu. Aliweka sahani yake mezani, akachukua koti, akaondoka, na kila barua ambayo baba yake alimwandikia ilirudi haijafunguliwa.

Kisha Alhamisi hii, bila taarifa, akatokea mlangoni na bunduki begani. "Kile kichanja cha kule kijitoni bado kimesimama?" Ndivyo alivyosema, basi. Verlin alijibu kimesimama, akaenda jikoni kumwekea kahawa.

Bunduki zao zilikuwa kama mapacha: nyeusi, nyepesi, za kisasa, zile zinazojijaza zenyewe kila risasi inapotoka. Ya Treva ilitumia risasi nyembamba, ambazo watu huko Missouri hupigia hata mbweha na sungura. Ya Verlin ilitumia risasi nene za kulungu. Umbo ni moja, magazini, vile visanduku vya risasi, zinaingiliana, tofauti ni tundu la mtutu tu. Ndiyo maana mwenye nyumba yenye bunduki hizo mbili huweka alama. Verlin alikuwa akizungushia utepe mwekundu magazini ya risasi nene. Utepe wa zamani ulikuwa umebanduka kwa joto la Agosti ndani ya pikapu, kwa hiyo jana, baada ya chakula cha jioni, aliketi mezani kujaza magazini zote mbili na kuweka utepe mpya.

"Baba, acha, yangu nitajaza mwenyewe," Treva alimwambia.

"Kaa. Tangu una miaka tisa nani alikuwa anakujazia?"

"Nina thelathini na nne."

"Na bado hujui kunyamaza porini."

"Mimi? Na yule uliyekuwa unakoroma hadi kindi wanakuja kuchungulia ni nani?"

Verlin akamsimulia habari ya jirani yao, Coy Bledsoe, aliyeshuka kichanjani msimu uliopita kwa haja ya haraka, mkanda ukanasa kwenye msumari, akaning'inia pale suruali ikiwa magotini mpaka mkewe alipokuja kumtafuta. Treva alicheka mpaka akaegemea friji. Verlin aliinua macho kumtazama. Kicheko kile kilikuwa cha mama yake kabisa. Mikono yake iliendelea kuzungusha utepe, na macho yake hayakuwa mezani.

Sasa ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Jua lilikuwa limeshachungulia, barafu nyembamba inang'aa kwenye majani makavu. Milio ya bunduki ilisikika kutoka mashamba ya mbali, mmoja huku, miwili kule, lakini upande wa Treva kimya. Verlin aliona muda wa kungoja umetosha. Alitoa magazini mfukoni, akapapasa risasi ya juu kwa dole gumba, kama alivyozoea.

Dole gumba lilijua kabla ya macho. Risasi ilikuwa nyembamba.

Alitazama utepe. Mwekundu. Akatazama risasi tena. Akazitoa zote, moja moja, zikamwangukia mapajani, zote nyembamba kama penseli, na kila iliyoanguka ilimwambia jambo lile lile: nene ziko kwa Treva.

Risasi nyembamba katika bunduki pana haina madhara makubwa. Nene katika nyembamba ni habari nyingine. Inaingia, maana ganda ni lile lile kwa unene. Kichwa chake kinakwama mwanzoni mwa mtutu, lakini kikisukumwa kinaweza kurudi ndani ya ganda, na bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, ikafunga. Ukibonyeza hapo, moto hauna pa kutokea mbele. Unarudi kwa aliyeshika. Na nani aliyemfundisha Treva kwamba bolti ikigoma usiivute kwa kelele, isukume tu na kiganja mpaka ikae?

"Bwana," Verlin alisema, na tayari alikuwa anashuka ngazi.

Simu haikuwa na maana, bondeni hakuna mtandao. Alisimama chini ya mwaloni akiangalia njia. Njia fupi ilipita katikati ya kichaka cha mierezi, moja kwa moja hadi kijitoni. Lakini kulungu walikuwa wamelala humo humo. Mtu akiingia mierezini wao hutoka upande wa pili, na upande wa pili ni uwanja ulio mbele ya kichanja cha Treva. Watu huwinda hivyo makusudi, mmoja akifukuza na mwingine akingoja. Kila hatua ya haraka ambayo angepiga kumwendea binti yake ingemsukumia mnyama wa kupiga.

Akaenda kwa njia ya mlimani, kando ya uzio. Ilikuwa ndefu maradufu. Alikimbia palipokimbilika, akatembea kifua kilipokataa, na katikati ya pumzi aliomba, maneno mafupi, yale yale: usimruhusu aone kitu, Bwana, uwafunge wote, usimruhusu aone kitu. Mlio ulipotokea mahali popote alisimama kama amepigwa yeye. Alisikiliza kama kutakuwa na yowe baada yake. Kisha akaendelea.

Kwenye kona ya uzio Coy Bledsoe alikuwa ameketi ndani ya pikapu yake, vioo vimefungwa, anakunywa kahawa.

"Hee, Verlin! Unakimbia mbio za nani?" Coy aliteremsha kioo. "Utawaamsha wanyama wote. Au na wewe tumbo?"

"Treva ana risasi zangu."

"Si umwachie, una mkono mgumu hivyo?"

"Coy. Zangu. Nene. Ziko kwenye bunduki yake."

Coy aliweka kikombe juu ya dashibodi. Utani ulimtoka usoni wote. "Nilishawahi kuona bunduki ya hivyo kwa fundi," alisema taratibu. "Imepasuka ubavuni, magazini imetoka chini vipande vipande. Fundi alisema mwenye bunduki hakuwahi kurudi kuichukua." Kisha akaona uso wa Verlin. "Samahani. Nipige honi?"

"Usipige! Wakishtuka wanamshukia yeye."

"Basi risasi tatu. Mtu akipiga tatu, si watu wanajua kuna shida?"

"Leo?"

Walisikiliza. Mahali fulani kusini mtu alipiga tatu mfululizo. Siku nyingine risasi tatu ni kilio cha msaada. Siku ya kufungua msimu ni mtu aliyekosa mara mbili.

"Mimi nazunguka kwa barabara hadi darajani," Coy alisema, akiwasha gari. "Nikifika nitamfuata kwa chini. Wewe nenda. Nenda, ndugu yangu!"

Verlin alikuwa ameshaondoka. Nusu ya mteremko ndipo alipofikiri juu ya pikapu ile, bomba lake lililotoboka na mngurumo wake, na daraja lilivyo karibu na matete ambamo dume kubwa la bonde lile hupumzika mchana. Aligeuka kumwita Coy. Coy alikuwa ameshapotea kwenye kona, vumbi tu.

Alifika ukingo wa uwanja mapafu yakiwaka moto. Mbele yake, hatua themanini hivi, kichanja cha familia kilisimama kwenye mti wake, na juu yake kizibao cha Treva, cha rangi ya chungwa wanayovaa wawindaji ili waonekane, wazi kama taa. Alikuwa hai. Ameketi. Verlin alipunga mikono, akaita kwa nguvu zake zote.

Treva hakugeuka. Kijito kilikuwa kinanguruma, upepo ulikuwa unatoka kwake, na masikioni alikuwa ameweka vizibo vya sponji, kwa sababu ni muuguzi na ameona wazee wengi wawindaji wasiosikia.

Ndipo mngurumo wa pikapu ukafika darajani.

Matete yakatikisika. Majike mawili yalitoka kwanza, yakasimama, yakageuza masikio nyuma. Nyuma yao likatoka dume, pembe zake pana kuliko mabega ya mtu. Lilitembea bila haraka hadi katikati ya uwanja na kumpa Treva ubavu wote.

Kizibao cha chungwa kikainama mbele. Bunduki ikapanda.

Verlin hakuwa na risasi ya kupiga. Hakuwa na sauti. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichomfundisha binti yake kabla ya kumfundisha kulenga, akakirudia kila mwaka mpaka akawa anamkera: ukiona rangi ya chungwa nyuma ya mnyama, kidole kinatoka, hata kama mnyama ni wa dhahabu. Alitoka ukingoni akaingia uwanjani, nyuma ya dume, akasimama wima kwenye mstari wa mtutu, kizibao chake cha chungwa kimefunguka, mikono ikiwa angani. Dume lilimwona. Halikukimbia mara moja. Lilibaki pale kati yao, likipumua moshi, kama linangoja kuona atakayeamua ni nani. Verlin alifumba macho.

Alisikia kwato. Alipofumbua, uwanja ulikuwa mtupu na mtutu ulikuwa umeelekea juu.

"Baba!" Treva alikuwa anang'oa vizibo masikioni. "Umerukwa na akili? Kidole kilikuwa kimeshashika! Ningekuua!"

"Kitoe." Verlin alikuwa anajikokota kuelekea mtini. "Kidole kitoe. Chomoa magazini. Polepole. Iangalie."

"Iangalie nini?"

"Iangalie tu, mwanangu."

Aliichomoa. Akageuza risasi ya juu kwenye mwanga. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika, imetulia, ile sauti anayotumia kazini mgonjwa anapozidiwa. "Moja iko ndani ya mtutu."

"Usiiguse. Iache hapo, mdomo uelekee mlimani. Shuka."

Treva aliifunga bunduki kwenye shina kwa kamba mbili, mtutu ukitazama mteremko mtupu, akashuka ngazi bila kugeuka. Chini walisimama wakitazamana.

"Nani alizijaza?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi. Na utepe nimeweka mimi. Ulisema utajaza mwenyewe, nikakataa." Verlin hakutafuta pa kujificha. "Nilikuwa nakuangalia ukicheka."

Treva aliingiza mkono mfukoni akatoa risasi moja, akaiweka kwenye kiganja cha baba yake. Ilikuwa nene. Kitakoni, pale pini inapogonga, palikuwa na alama ndogo, kama ya ncha ya ukucha tu.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza," alisema. "Alikuja jike. Nikabonyeza, ikasema ta, basi. Nikadhani ni risasi mbovu, nikaivuta nje, nyingine ikaingia. Bolti ilikuwa haijafunga vizuri, ndiyo maana. Hii ya pili nikaisukuma na kiganja mpaka ikakaa. Kama ulivyonifundisha."

"Saa ngapi?"

"Hiyo ya kwanza? Kumi na mbili na nusu."

Verlin aliishika ile risasi kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa. Treva naye, kwa mazoea ya utotoni, akainamisha. "Bwana," Verlin alisema. Treva alingoja. Maneno hayakuja.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema mwishowe, si kwa Bwana, kwa binti yake, "nilikuwa nakula soseji."

"Kwa hiyo?"

"Sikuwa naomba, Treva. Hata neno moja. Sikujua kuna la kuombea. Nimeanza saa moja na robo."

Treva aliinua uso. Alimtazama, na Verlin aliona kwamba ameelewa ni maneno gani anayafuta, yale ya siku ya mazishi.

"Na mama ulimwombea usiku na mchana," alisema.

"Usiku na mchana."

Hakumkumbatia. Alisimama tu karibu naye zaidi kuliko alivyosimama tangu Alhamisi. Huko chini Coy alikuwa anapanda kwa taabu kupitia matete, akiita majina yao yote mawili, na kusini watu waliendelea kupiga, mmoja, miwili. Kila mlio ulimfanya Verlin atazame juu. Bunduki ilikuwa imefungwa pale pale kwenye shina, nyeusi, imetulia, na risasi yake ndani.

"Nani ataitoa ile?" Treva aliuliza.

"Sijui."

"Baba, usisimame hapo chini yake." Akamshika mkono wa koti, akamvuta kando.