Utawala wa Malkia Genoveva wa Kiwalani

Jumamosi asubuhi Genoveva alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, uani kwao Kiwalani, mdogo wake Loveness akimsuka nywele mtindo wa twende kilioni. Baba yao, Mzee Kornelio, alikuwa amefariki juzi yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la msiba, akisubiri kuzikwa.

Chanuo likagonga chuma.

"Dada, umeota taji," alisema Loveness.

"Lizungushie nywele. Nachelewa jumuiya."

Hivyo ndivyo ulivyoanza utawala wa Malkia Genoveva, ulioenea kuanzia geti la mabati hadi choo cha nje. Wapangaji waliupokea vizuri. Taji lilikuwa jembamba kama mwezi mchanga, na umeme ulipokatika walisonga ugali kwa mwanga wake.

Shida ilikuwa baba. Alikuwa Mkatoliki maisha yake yote, hadi mwaka jana alipookoka kwenye mkutano wa injili kule Mtoni. Ansbert, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaani, alisema hawamziki mtu asiyehudhuria jumuiya. Mchungaji wa Loveness alikuwa tayari kumzika hata siku hiyo, kwa spika zake zote, ila kwanza marehemu aachie rozari ya marehemu mkewe aliyoishika mkononi. Marehemu hakuiachia. Malkia akatangaza kwamba baba atazikwa na padri, au hatazikwa.

"Mie nizikeni tu, wanangu," alisema Mzee Kornelio. "Pale pembeni ya mama yenu, Gongo la Mboto. Anayetaka kuimba aimbe."

"Baba, nyamaza. Wewe ni marehemu."

"Ni marehemu aliyeokoka," alisema Loveness.

Mauwa, mpangaji wa chumba cha mbele, alimletea mzee chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mzee. Bado upo tu?"

"Marahaba. Bado nipo."

"Nyie watu mna mambo! Kwetu sie ungeshazikwa kabla chai haijapoa."

Mzee akamuuliza kwa sauti ya chini kama bado anaweza kusilimu.

"Ah, mzee wangu, umechelewa," alisema Mauwa, akamwongezea sukari.

Malkia akapiga marufuku mapambio uani. Loveness akaimba palepale, akafungiwa kwenye stoo ya mkaa. Pambio likatokea kwenye tundu la kitasa likiwa moshi wa buluu, likapanda. Jumuiya ilipokuja kusali, sala ya rozari nayo ikapanda, nyeupe kama ubani. Juu ya mabati vikachanganyika taratibu, bila ugomvi, vikaelea kuelekea Gongo la Mboto. Mzee Kornelio alivitazama, kidevu juu, mpaka vikapotea. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa, maana ndiyo heshima ya sala.

Malkia alimwombea baba yake msamaha kwenye jumuiya. Alipiga magoti. Ansbert, ambaye kila siku alimwamkia kwa kuinama, alisema taji ni taji na utaratibu ni utaratibu.

Taji likazidi kukua. Kwaresima ilipokaribia halikupita tena mlangoni, na Malkia akawa analala ameketi, kando ya baba yake. Jumatano ya Majivu shingo ikachoka, akafa.

Yeye hakuwahi kukosa jumuiya. Kesho yake walimzika kwa kwaya, sare na ubani, pembeni ya mama yake, kwenye nafasi ile ile. Mzee Kornelio alibebwa pamoja na kiti chake hadi kaburini. Alitupia udongo kama mzazi yeyote, kisha akarudishwa nyumbani.

Loveness alitolewa stoo. Mauwa akamkalisha kwenye ndoo kumsuka twende kilioni. Chanuo likagonga chuma.

"Haya, na wewe," alisema Mauwa.

Mzee Kornelio akajiweka sawa kwenye kiti. "Shikamoo, Malkia. Sasa mtanizika?"

"Leo hii, baba. Achia rozari."

"Ni ya mama yenu."

"Basi subiri."

Jua lilikuwa limeshaingia chini ya turubai. Mauwa akasogeza kiti cha mzee kivulini, akaenda kuchemsha chai.