Siku Wavinya Alipopaza Sauti Thieta

Kwa miaka mingi Wavinya alikuwa akiwatia watu usingizi wa upasuaji katika hospitali ndogo upande wa Ikutha, na mikono yake ilisifiwa hadi Makueni. Ndiyo maana alipoitwa Kitui mjini kwa mafunzo, yeye na muuguzi mwenzake Kaveke, alikwenda bila wasiwasi wowote.

Kitandani walikuta sanamu la plastiki, kubwa kama mtu mzima, lililoundwa kupumua lenyewe. Mkufunzi, Daktari Gakenia, akawaambia walichukulie kuwa mama mjamzito anayevuja damu.

Wavinya akalidunga dawa ya usingizi, akalifungua mdomo, akaingiza mpira wa kupumulia. Ukakataa. Akajaribu tena. Hapo dunia ikaanza kumtoka polepole. Alikuwa kama mtoto aliyeshuka kwenye kisima cha mchanga mtoni wakati wa kiangazi: kadiri anavyochimba ndivyo sauti za walio juu zinavyofifia, akabaki yeye na ule ubaridi, na maji yaliyo karibu, karibu kabisa. Mlio wa mashine, unaoshuka kadiri oksijeni inavyopungua, ulizidi kuwa mzito, kisha ukaenda mbali. Hakuona lolote ila tundu la koo.

Mkono ukamgusa bega. Sanamu lilikuwa limeshakufa.

"Mikono yako haina kasoro," Gakenia akasema. "Lakini ulikuwa umeenda wapi?"

"Nilikuwa ndani ya koo lake, Daktari."

"Kaveke alikuita, akakuita tena."

Wavinya akageuka. Kaveke aliangalia chini. "Niliita polepole, Sista. Niliogopa kukuchanganya."

Ajabu ni kwamba Wavinya, aliyezoea damu, alilia kwa ajili ya kipande cha plastiki. Gakenia akamngojea amalize. "Sema kwa sauti unachokiona," akamwambia. "Ukinyamaza, ni wewe peke yako na mgonjwa. Ukisema, chumba kizima kinafanya kazi." Wakarudia zoezi hadi jua likashuka, Wavinya akijifunza kutamka neno lililomkwama siku zote: nimeshindwa.

Walikuwa wamerudi Ikutha, na mvua zimeanza, alipoletwa Mumbua, mama wa mimba ya kwanza, damu imelowesha leso zake. Daktari Munyao, mpasuaji asiyependa kelele thieta, chumbani mwa upasuaji, alisimama kisu mkononi. Wavinya akamtia Mumbua usingizi. Mpira ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa, na ule ubaridi mtamu ukaanza kumvuta chini.

"Sista Wavinya!" Kaveke alimshika bega kwa nguvu. "Oksijeni inashuka!"

Wavinya akainua kichwa. Ghafla akaiona taa, akauona ukuta, akawaona watu.

"Nimeshindwa kuingiza mpira," akasema, na sauti yake ikajaa chumba. "Daktari, ngoja, usikate. Kaveke, nipe ule mwingine, wa kukaa juu ya koo."

Munyao hakuwa amewahi kuambiwa angoje. Akangoja. Mpira wa pili ukakaa, kifua kikainuka, na mlio wa mashine ukapanda taratibu, kama mtu anayepanda kilima bila haraka.

"Sasa endelea, Daktari."

Mtoto alitoka akilia kwa hasira.

Baadaye, wakinawa mikono, Munyao akasema bila kumtazama, "Ulinisimamisha."

"Ndiyo, Daktari."

"Siku nyingine tuongee kabla hatujaanza. Uniambie utafanya nini ukikwama." Akafuta mikono, akaenda zake.

Mumbua alifumbua macho mvua ikinyesha juu ya mabati. Wavinya alikuwa ameketi kando yake.

"Nilikuwa natembea kwa shamba la mbaazi," Mumbua akanong'ona. "Zimekua mpaka zinanipita kichwa. Sikuona njia."

"Na sasa?"

Mumbua aligeuza kichwa. Alikuwa amemwona mtoto mikononi mwa Kaveke, na alikuwa ananyoosha mkono.