Seremala Aliyehesabiwa Mara Mbili

Kitendawili. Wamepita wawili mlangoni, lakini nyayo zilizobaki sakafuni ni za mmoja. Usikimbilie kujibu, utajikwaa. Kwanza msikilize huyu mama mshonaji, maana siku ile naye alikuwa na jibu mdomoni, likawa halimezeki wala halitemeki.

Kisiwa chao kilikuwa kidogo, kiasi kwamba ukipiga chafya dukani, aliye gatini anakutakia afya. Kilikuwa na shule ya chumba kimoja, duka moja, na boti ya abiria iliyokuja Jumanne na Ijumaa asubuhi na kuondoka, kisha ikawarudisha watu jioni. Ndipo ikaja barua: wageni wawili wa kutoka ng'ambo, mkaguzi na karani wake, watakuja kuhesabu watu. Wakitimia arobaini, boti itaendelea kuja. Wakipungua, mwisho wa mwezi ndiyo basi tena.

Watu wakajihesabu wenyewe, mpaka kichanga cha mwalimu. Thelathini na tisa. Wakarudia, labda wamemsahau mtu jikoni. Thelathini na tisa vilevile.

Kwa wengine boti ilikuwa sukari na misumari. Kwa mshonaji ilikuwa pumzi ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa, na figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Kila boti ikija alivuka kwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Majirani aliwaambia anafuata vipuri, nao wakamcheka kwamba vipuri vyake sasa vimezidi saa za kisiwa kizima. Alikuwa amemwapisha mkewe asimwambie mtu. Fundi saa aliona jinsi baba yake alivyoliliwa mwaka mzima akiwa hai, akasema yeye hataki kuzikwa huku bado anakula. Basi mama wa watu akamshonea mashati ya mikono mirefu, vifungo viwiliviwili, yafunike makovu ya sindano, akafunga mdomo miaka minne.

Wazo la kuongeza mtu lilikuwa la seremala, jirani yao, mtu wa mizaha. Atahesabiwa yeye, kisha atahesabiwa kaka yake mkubwa, ambaye hajapata kuzaliwa.

"Wewe nishonee koti tu, shemeji," alisema. "Ukaka nitauleta mwenyewe."

Mshonaji alishona koti siku mbili, moyo ukimdunda kuliko cherehani.

Siku ilipofika, Jumatano, wageni walikuja na boti yao, watu wakapanga foleni darasani, kila mmoja akiulizwa kazi yake na anavuka kufuata nini. Fundi saa akajibu vipuri. Seremala akaingia na vumbi lake la mbao, akaandikwa, akatoka. Baadaye akarudi na koti, kofia na miwani ya fundi saa, akaanza kumsengenya mdogo wake: mvivu yule, meza zake zote zinayumba. Foleni nzima iliuma midomo isicheke. Karani akaandika wa arobaini. Haya, kitendawili changu kimeteguka.

Lakini mkaguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, hakuwa akitazama uso wa kaka mtu. Alikuwa akitazama mkono wa koti.

Mchana, saa moja kabla ya boti ya wageni kuondoka, mkaguzi alibisha hodi kwa mshonaji, bila karani wake, mkononi ana kifungo kilichokatika. Mshonaji alimkaribisha kiti, akajaza pini mdomoni haraka kama mtu mwenye kazi nyingi. Mwenye pini mdomoni haulizwi maneno. Nyuma ya pazia, mumewe alikuwa mezani kwake. Koleo lake dogo liligusa chuma, ti, ti, ti.

Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na shati la kazi la seremala, bado lina vumbi la mbao, limeletwa kutiwa kiraka. Mkaguzi alilitandaza, akaweka mkono mmoja wa shati juu ya mwingine. Wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Seremala alivunjika utotoni, mkono ukakataa kurefuka, na mshonaji amemkatia hivyo tangu ujana wao. Hata koti la uongo alilikata hivyohivyo bila kufikiri. Mikono yake haikujua kushona nguo isiyomkaa mtu.

"Ndugu hawa wamefanana sana, mama," mkaguzi alisema. "Mpaka kasoro."

Mshonaji akainamia kifungo.

Mkaguzi hakupandisha sauti. Alisema hawezi kuandika arobaini, kwa sababu sahihi itakuwa yake. Akiandika thelathini na tisa, boti imekwisha. Ila ipo njia moja: kukiwa na mtu ambaye asipovuka hataishi, idadi haitazamwi. Lakini lazima asemwe, na ugonjwa wake uandikwe. Tena alikuwa amesoma orodha za abiria. Kuna mmoja hajakosa safari hata moja, miaka minne, mvua au jua.

"Mumeo anafuata nini ng'ambo?"

Nyuma ya pazia koleo lilinyamaza. Mshonaji alikaza meno, pini zikamchoma mdomo wa chini.

"Nakuuliza tena, mama. Anafuata nini?"

Honi ya boti ya wageni ililia gatini, ya kwanza. Ikilia ya pili, wageni wameondoka na karatasi zao. Mshonaji alitoa pini moja, akaichomeka kwenye mto wake. Akatoa ya pili. Ya tatu ilikuwa na damu. Hakumtazama mgeni, aligeukia pazia.

"Baba, nimekusitiri kwa kila uzi nilio nao," alisema. "Bado pini moja. Nikiitoa hii nitasema, na kiapo nitakuwa nimekivunja mimi. Nisingependa nikivunje mimi."

Saa za ukutani zikawa zinasikika zote, kila moja na mwendo wake. Mshonaji akashika pini ya mwisho.

Pazia lilivutwa. Fundi saa alisimama pale, anafungua kifungo cha mkono wa shati, kisha cha pili. Akaupandisha mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele ya mgeni.

"Nafuata kusafishwa damu," alisema. "Figo zangu zimekufa zote mbili. Andika."