Mikono ya Ignati Savich

"Sikati. Niseme mara ngapi? Sikati."

"Utakata, Ignati Savich. Sheria haikuulizi kama umelala vizuri."

Daktari na mkuu wa polisi walikuwa wanazozana ndani ya bafu la magogo la kijiji, na sauti zao zilisikika mpaka nje kwenye theluji. Kati yao, juu ya benchi, alilala Nikanori mfinyanzi, aliyeokotwa barabarani ameganda kama gogo. Polisi walikuwa wamewasha jiko tangu asubuhi ili maiti ilegee, na sasa imelegea, imeanza kunuka. Daktari asipopasua, hakuna ruhusa ya kuzika. Mama wa marehemu, bibi Fekla, alikaa karibu na mlango, sanda mapajani.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Prokhori, mkulima wa ng'ambo ya mto, koti wazi, mkanda hana, na baridi yenyewe ile ya kukata masikio.

"Baba daktari, twende. Ustinya wangu yuko kwenye uchungu tangu jana. Mkono wa mtoto umetoka, mwenyewe hatoki. Nimefungua makufuli yote nyumbani, mafundo yote, mkanda nimeutupa, ili na tumbo lake lifunguke. Hata kasisi kafungua milango ya madhabahu. Bado."

"Subiri," mkuu wa polisi alisema. "Akimaliza hapa atakuja."

"Nikimaliza hapa siwezi kumgusa mzazi," daktari alisema. "Karboliki, dawa ya kusafishia mikono, imebaki ya kunawa mara moja tu, na sumu ya maiti haitoki kwa mara moja. Nimewaomba baraza la wilaya nyingine tangu mavuno."

"Sabuni huna? Mwaka jana si ulifanya yote mawili siku moja? Hatukusikia kelele."

Ignati Savich akaitazama mikono yake. Mwaka jana alitoka kumpasua mtu aliyekufa maji, akaenda moja kwa moja kumzalisha Dariya, mke wa kwanza wa huyu huyu Prokhori. Mtoto alitoka salama. Dariya akashikwa na homa, akafa huku anamshukuru. Kijiji kizima kikasema ni kazi ya Mungu. Daktari naye akaitikia, ndiyo, ni kazi ya Mungu.

"Mikono yake ina baraka, bwana mkubwa," Prokhori alisema. "Dariya wangu aliishikilia mpaka pumzi ya mwisho."

Daktari akaichomeka mifukoni kama mwizi.

"Haya nenda," mkuu wa polisi alisema, sasa kwa upole. "Nitaandika umekataa kazi. Watakufukuza kabla ya Kwaresima. Halafu hawa kina Prokhori atawatibu nani? Mimi?"

Daktari akachukua mkoba wake. Bibi Fekla akamshika pindo la koti.

"Mwanangu atakaa hapa mpaka lini, baba? Wanampasha moto kama mkate."

"Kesho, mama. Nitarudi kesho."

"Jana pia ulituma neno kwamba ni kesho."

Kweli alituma. Jana alikuwa kijiji kingine, kwenye surua. Akalivuta koti taratibu kutoka kwenye vile vidole, akatoka.

"Uache mlango wazi, baba," Prokhori alisema, tayari ameshika hatamu za farasi. "Leo hatufungi mlango wowote, mpaka azae."

Ignati Savich akageuka. Bibi Fekla alikuwa bado anamtazama.

Akaufunga, asiyaone yale macho.