Mikono ya Rosebella

Daktari alitueleza dawa mbili. Moja ni dripu ya mshipani, dawa nyekundu, na hiyo inamaliza nywele zote. Nyingine ni vidonge vya kumeza nyumbani, nywele zinabaki. Hakutuficha: saratani ya titi la Rosebella ilikuwa imefika kwenye mapafu, na hakuna dawa kati ya hizo ingemponya. Ni kumwongezea muda tu.

Mimi sikungoja amalize. "Mpe vidonge," nikasema. Mimi na Rosebella ni wasusi, saluni yetu iko hapa mtaani Gatina, na nani ataketi kusukwa na mtu mwenye upara?

Rosebella akauliza vidonge vinaharibu nini. Daktari akasema vinaweza kuchubua viganja, vidole vipasuke, hata kushika kikombe iwe shida.

"Basi niwekee dripu," Rosebella akasema.

Nilimgombeza njia nzima mpaka kwake Sarang'ombe. Nikamwambia ana kichwa kigumu, atatapika mpaka nyongo, na watu watamwangalia vibaya. Tulipofika akamwita Mitchelle, binti yake, akamkalisha chini katikati ya magoti yake na kuanza kumsuka.

"Filister, huyu hajawahi kusukwa na mtu mwingine," akaniambia. "Siwezi kumwachia watu na mimi bado niko."

Niliona aibu, na bado nilikuwa na hasira.

Nywele zake ziliisha na alitapika kweli. Lakini vidole vilibaki vizima, na Mitchelle alikuwa akienda shule kichwa safi kuliko watoto wote wa hiyo ploti wanayopanga. Mara ya mwisho Rosebella alimsuka akiwa kitandani, anasuka mstari mmoja, analala kidogo, anaamka anaendelea. Mtoto hakutoka hapo.

Tulimzika kwao Siaya.

Sasa nywele za Mitchelle zimeota, mistari ile ya mwisho ya mamake imefumka pembeni, kichwa kinamwasha. Majirani wanasema mtoto anaachwa hivyo hivyo, na wana haki. Leo baba yake, Okello, amemleta saluni akaniambia, "Filister, hataki mtu mwingine amguse ila wewe."

Ameketi mbele yangu, ameinamisha shingo vile mamake alimfundisha.

"Anti, utafumua zote?"

Nimemwambia ndiyo. Nimeshika kitana, wateja wanangoja, na sijaweza kuanza.