Mara ya Nne ya Kuvua Bawa

Hasifa alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaisha. Alikuwa fundi cherehani hapo Koboko, mshonaji wa magauni ya gomesi na kanzu za harusi, lakini tangu mumewe Umaru aanze kuunda ndege nyuma ya nyumba, kazi yake ilikuwa kuvalisha mabawa. Mara tatu ameyavika kitambaa, mara tatu Umaru ameyavua.

Mara hii ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya flapsi, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege itue polepole. Uwanja wa kurukia kule Kuluba ni mfupi, Umaru alisema, na mwisho wake ni kinamasi. Hasifa hakubisha. Alikwenda mpaka Arua kutafuta kitambaa, akashona hadi vidole vikafa ganzi.

Watu nao hawakuwa na simile. Kila Ijumaa baada ya swala walipita uani. "Rubani, hii kitu itaruka lini?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Umaru, fundi wa pikipiki mwenye heshima zake, alicheka nao huku akitazama chini.

Ndege ilishaonja hewa mara moja. Kule Kuluba iliinuka kimo ambacho hata kuku hufika, ikapita juu ya mihogo, ikajibwaga. Umaru alishuka, akafuta jasho, akasema kuna kitu cha kurekebisha. Tangu siku hiyo marekebisho hayajaisha.

Ijumaa moja flapsi zilikamilika. Hasifa alivuta wenzo, zikashuka zote mbili sawasawa. Alhamdulillahi, sasa atarudia gomesi zake.

"Mama Nasur," Umaru akasema bila kumtazama, "iko kitu moja imebaki. Breki ya hewani. Inasimama juu ya bawa, inakamata upepo. Tutapasua kitambaa hapa katikati."

Hasira zilimpanda Hasifa. "Mimi nimechoka, Baba Nasur! Ulisema flapsi inatosha. Uwanja ni ile ile. Sasa breki ya nini?"

Umaru akashika spana, akaanza kukaza nati ya bawa. Mara mbili spana ikamponyoka mikononi, mikono iliyozoea kufungua injini bila hata kuitazama. Hapo Hasifa akaelewa, akaona haya kwa kuchelewa kuelewa.

"Unaogopa," alisema taratibu.

"Naogopa sana. Ile siku ya Kuluba nilijua nakufa. Lakini nitaambia watu nini? Koboko yote inaniita rubani."

Hasifa akakaa chini. Alimjua mumewe. Wakizidi kumcheka ataruka, na akiruka, yeye Hasifa atakuja kumpokea akiwa kwenye machela.

Mara akaingia Swadiki, jirani yao, akitoka msikitini. "Rubani! Nimesikia flapsi iko tayari. Kesho tunaenda Kuluba, ama unatudanganya tena?"

Umaru akanyoosha mgongo. Alikuwa amechoka kuchekwa, na Hasifa aliliona jibu likimjia mdomoni.

Hasifa akachukua mkasi, akauchomeka katikati ya bawa alilolimaliza asubuhi ile, akapasua kitambaa mpaka mwisho.

"Bado, Swadiki," alisema. "Usimlaumu yeye. Kosa ni yangu, mimi nashona polepole sana."