Tani Saba Mbele ya Mlango wa Mama Mkwe

Zamani mtaa mzima ulimwita Dereva. Baada ya ule mkasa wakamwita Ukuta, na jina likamganda kama kupe. Ilikuwa hivi: miaka mitatu nyuma alikwenda na mkewe kuwasalimia wakwe, kwa lori lake la tani saba. Alipofika uani akakanyaga breki, breki zikakataa. Lori likaenda polepole, bila haraka yoyote, likapita ukutani na kuingia sebuleni bila hodi. Hakuna aliyeumia. Ukuta akashuka anacheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo akawa anaisimulia hadithi ile kila palipo na watu zaidi ya wawili.

Mkewe hakucheka, na hakupanda tena lori lile. Wakialikwa harusi, mume alikwenda kwa lori na mke kwa baiskeli, na mara nyingi mke ndiye aliyetangulia kufika. Akiulizwa bwana yuko wapi, anajibu, "Yuko njiani na chuma chake." Na mama mkwe, aliyehamia kwao kwa wiki mbili tu nyumba yake itengenezwe, alikuwa bado yumo kwenye chumba cha uani. Nyumba ilishatengenezwa zamani. Yeye alisema saruji haijakauka.

Sasa msimwone Ukuta anachekacheka mkadhani hana moyo. Kile kiti kitupu cha pembeni kilimtafuna. Alikuwa akiendesha, anageuka kumwonyesha mtu kitu barabarani, anakuta hakuna mtu. Alitaka jambo moja tu duniani: mkewe apande tena. Ndipo Jumamosi moja asubuhi akamwambia, "Leo nabadilisha breki za nyuma, hapahapa nyumbani, mbele ya macho yako. Nikimaliza utapanda?"

"Nitakagua kwanza," mkewe akasema.

Hapo mwanamume alijiponza mwenyewe. Mkewe alikuwa mtunza ghala kwa miaka ishirini na sita, na katika ghala lake hata msumari haukutoka bila fomu ya nakala tatu. Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha fomu, karatasi ya kaboni na kalamu sikioni.

"Hapa chini pako sawa?" akauliza.

Kaka wa mke, seremala, aliyeitwa aje kusaidia, akaweka pimamaji. Uwanja wote umeinama. Palikuwa na mahali pamoja tu palipolala sawasawa: sakafu ya saruji mbele ya mlango wa chumba cha mama mkwe. Lori likasogezwa huko kinyumenyume, seremala akitembea kando na gogo la kutegea tairi, mama mkwe akichungulia dirishani na kupiga kelele, "Taratibu! Taratibu, nimebakiwa na kuta nne tu!" Liliposimama, mlango wake haukuweza kufunguka hata kiganja.

"Mkwe, umenifungia."

"Ni kwa muda tu, mama."

"Haya. Na mimi nilikuja kwa muda tu."

Ukuta akalegeza nati za magurudumu lori likiwa bado chini, kama inavyotakiwa, akaiingiza jeki chini ya ekseli ya nyuma, akaanza kupiga. Tako la lori likainuka kidogo. Mkewe akainua kalamu.

"Ngoja. Ni nini kinalizuia lisitembee?"

"Hendibreki. Nimeivuta mpaka mwisho."

"Hendibreki inashika magurudumu yapi?"

"Ya nyuma."

"Na unayoyanyanyua ni yapi?"

Ukuta akatazama jeki. Akatazama magurudumu. "Ya nyuma."

"Nimeweka na gia," akaongeza haraka haraka.

"Gia inazungusha yapi?"

Seremala akajifanya anakagua pimamaji yake. Miaka thelathini kwenye usukani, jamani, na mtu mzima anataka kulifunga gari kwa miguu inayoning'inia hewani! Ukuta akalishusha lori, akategea magurudumu ya mbele, magogo mbele na magogo nyuma, masikio yakimwaka moto.

"Tahadhari kabla ya hatari," mkewe akasema, akaandika.

Lori likanyanyuliwa upya. Stendi mbili za chuma zikawekwa chini ya ekseli, moja kila upande, jeki ikalegezwa mpaka uzito ukakaa juu ya stendi. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake," Ukuta akajigamba, walau hilo alilijua. Mkewe akatia tiki. Kisha akauliza, "Na akiba?"

Ghalani kwake kila kitu kilikuwa na akiba. Basi magurudumu yaliyofunguliwa yakalazwa chini ya chasisi. Seremala akaleta mbao ngumu, akazipanga pande zote. Mama mkwe dirishani akasema hizo mbao anaziona nyembamba, akawapitishia stuli yake. Ikafuata meza ya jikoni, mawe ya kufulia, magunia sita ya mchanga, na fremu ya kitanda cha wageni. Kila kilichoingia kiliandikiwa fomu. Ukuta akasema hii sasa ni kejeli, akaambiwa atie sahihi hapa na hapa.

Kufika saa sita, lori lilikuwa salama kuliko lori lolote lililowahi kutengenezwa. Mkewe akalisukuma kwa bega, halikutikisika. Mama mkwe akalisukuma kwa fimbo ya ufagio, halikutikisika. Ukuta akalala chali ili aingie, akagonga kichwa kwenye meza ya jikoni. Hapakuwa na nafasi hata ya paka.

"Sasa breki naifikiaje?"

"Hilo halimo kwenye fomu ya usalama," mkewe akajibu.

Wakatumia saa nzima kuvitoa, kimoja kimoja, kila kimoja na fomu yake ya kurudisha, mpaka zikabaki stendi, magurudumu na mbao mbili nene. Ukuta akavua ngoma za breki kutokea ubavuni, akatoa shuu za ndani zilizolika, akaweka mpya. Zikabaki nati mbili kwa nyuma, ambazo huzifikii mpaka uingie chini. Akashika spana, akapiga magoti.

"Simama. Anayepanga mzigo hakagui mzigo wake. Umeupanga wewe, ataingia mwingine."

Wote wakamtazama seremala.

"Dada, mimi nina watoto wadogo," seremala akasema.

"Mnivushe dirishani niingie mimi," mama mkwe akapaza sauti. "Wenzangu wasipoziba ufa ndio hujenga ukuta. Mimi sikuwa na ufa wowote na nimejenga!"

Mkewe hakubishana na mtu. Akajifunga kitambaa kichwani, akachomoa spana mkononi mwa mumewe, akalala chali, akateleza chini ya lori. Zikabaki nyayo zake mbili tu nje.

Basi yule Ukuta aliyekuwa akinung'unikia stuli na magunia akabadilika papo hapo. Alilijua lori lile, uzito wake na ujeuri wake, na sasa lilikuwa juu ya kifua cha mkewe. Akakimbilia gunia la mchanga, akalisukuma chini ya chasisi. Akakimbilia la pili. Akairudisha meza ya jikoni. Akamfokea seremala, "Umesimama nini, lete kitanda!" Mwishowe akalishika lori kwa mikono miwili, akatanua miguu, akalibeba.

"Umeshika nini?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Lori."

"Liachie."

"Siliachii! Toka kwanza! Toka, nakuomba, nitamtafuta fundi, tutaliuza, toka!" Alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho likimchuruzika kidevuni, na mbele ya shemeji yake na mama mkwe wake akaanza kulia kama mtoto. "Siku ile ulikuwa umekaa pembeni yangu. Kama lingekuwa kwenye mwendo… Nisamehe, mke wangu."

Spana ikanyamaza.

"Sikusikia," mkewe akasema.

"Nisamehe!"

"Nimesikia mimi huku!" mama mkwe akaitikia dirishani.

Kisha sauti ya mkewe ikatoka chini ya lori, ya upole, si ile ya ghalani.

"Tulitoka mle sebuleni mimi natapatapa nakutafuta, wewe unacheka. Miaka mitatu unawachekesha watu. Breki hazikuniogopesha hata siku moja, kila chuma huharibika. Nilikuwa nangoja nikuone na wewe umeogopa."

Ukuta aliendelea kulishika lori.

"Kesho nitapanda," mkewe akasema, na spana ikaanza tena kulia kwenye nati. "Lakini utaendesha hivyohivyo, unatetemeka. Haya, nipe tochi."

Akamnyooshea tochi kwa mkono mmoja. Ule mwingine hakuutoa kwenye lori.